Ishirini na Mbili Nukta Nne

Mwalimu wa Kemia hakuwahi kusoma kitu mara moja. Hata bei ya sukari iliyoandikwa kwa chaki dukani aliisoma kwa sauti, akanyamaza, akaisoma tena, ndipo akatia mkono mfukoni. Sisi tuliosoma kwake, shule ya kutwa upande wa Zombe, tulimwiga sote. Ungemsikia mtu ndani ya choo akitangaza, "Mlango umefungwa. Narudia. Mlango umefungwa." Tulicheka miaka minne, kisha tukatoka shule na ugonjwa wenyewe. Mimi leo ni dalali wa mbuzi Mwingi, na sijawahi kuruhusu lori liondoke kabla sijahesabu mara mbili. Wanunuzi kutoka Garissa huniuliza, "Wewe uliibiwa lini?" Sijaibiwa. Nilifundishwa kemia.

Maabara yetu ilikuwa chumba cha mwisho, chenye sinki tatu ambazo hatukuwahi kuona maji yakitoka. Gesi ilikuwa imekwisha kabla ya sisi kufika, kwa hiyo alipikia kemia yake kwenye jiko la makaa. Ndiyo maana somo la kwanza kabisa lilikuwa makaa. Aliazima mizani ya sokoni, akapima kilo moja mbele yetu, akasoma mara mbili, akawasha. Tuliandika maelezo mpaka mikono ikachoka. Mwisho alizoa majivu, akayarudisha kwenye mizani. Mshale haukujisumbua kusogea.

"Hii ingine iko wapi?"

"Imeisha," tukaitikia kwa pamoja.

"Nani aliiona ikiisha?"

Tulichungulia ndani ya jiko.

"Hakuna kitu inaisha," akasema. "Kuna kitu umeshindwa kufuata."

Kisha akainua kiganja juu ya jiko lililokuwa bado moto. "Na hii joto. Asubuhi makaa yalikuwa baridi. Ilikuwa wapi?"

Mmoja wetu nyuma akasema, "Ilikuwa imelala." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Si mbaya. Andika hivyo: ilikuwa imelala ndani. Mwaka ujao tutaipatia jina kubwa."

Nyumbani kwetu tulikuwa tunachoma makaa ya kuuza. Jioni hiyo nilimwambia baba kwamba miti yote aliyoichoma haikuisha, iko mahali. Baba akasema, "Mwambie mwalimu wako aje aifuate, arudi nayo."

Alikuwa na mambo yake. Mlangoni aliweka kopo la majani ya chai, na kila aliyeingia alitumbukiza humo raba yake ya kufutia. Ndani ya maabara hakukufutwa kitu. Ukikosea ulipitisha mstari mmoja, mwembamba, uliouacha mwandiko wa chini ukisomeka, kisha ukaandika jibu jipya juu yake. Nilipouliza kwa nini tuache aibu yetu hadharani, alisema, "Kosa lako ni ushahidi. Ukilifuta, kesho tutajuaje ulipita njia gani?"

Mimi alinibatiza jina wiki ya pili. Alikuwa ameninyima nusu alama, nami nikaenda mezani kwake kuzungumza naye kama watu wazima.

"Mwalimu, hapa tusaidiane. Weka nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya juhudi."

"Juhudi inapimwa kwa kipimo gani?"

Nilifikiri. "Kwa jasho."

"Lete jasho nilipime, dalali," akasema, na tangu siku hiyo sikuitwa jina lingine. Kazi ilinifuata baadaye. Jina lilitangulia.

Kulikuwa na somo la maji. Alitutuma kila mtu alete chupa moja ya maji ya kwao, na jina la kisima au mto juu yake. Tulichemsha nusu ya kila chupa mpaka maji yakakauka na kuacha ukoko mweupe kwenye kifuniko cha sufuria. Ukoko wangu ndio uliokuwa mnene kuliko yote. Nilijua nitatajwa maisha yangu yote. Lakini alichukua kipande cha sabuni, akaosha mikono kwa maji yetu yaliyobaki chupani mbele ya watu, sabuni ikagoma kutoa povu, naye akaeleza bila haraka ni kitu gani ndani ya maji kinachoishika sabuni na kuifanya utando. Mama yangu alikuwa amekaa miaka akidhani muuza duka anampa sabuni mbovu. Nilipomweleza alisema itabidi aombe msamaha, na hakuomba.

Sokoni Zombe palikuwa na mtu anayeuza unga wa kung'arisha maji ya matope, akiuita muujiza kutoka ng'ambo. Mwalimu alinunua kidogo, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, akasimama mbele ya wateja.

"Hii ni shabu," akasema.

"Mzee, unaniharibia kazi."

"Sijasema ni mbaya. Inafanya kazi. Nimejaribu mara mbili."

"Sasa shida yako ni nini?"

"Si muujiza. Ni shabu. Uza, lakini iite jina lake."

Yule mtu alifikiri, akageukia watu, akapaza sauti: "Shabu. Imejaribiwa na mwalimu mara mbili." Siku hiyo aliuza mfuko wote. Mwalimu alikasirika kiasi, maana hakuwa amepata sehemu ya kosa la kuonyesha.

Mwaka mmoja mvua zilitukataa misimu miwili mfululizo. Watoto walianza kulala darasani kabla ya saa nne. Ndipo Mwalimu akatangaza jaribio la nishati ya chakula. Unachoma punje ya njugu chini ya kopo la maji, unapima joto la maji limepanda kiasi gani. Jaribio lilihitaji punje kumi. Alileta nusu gunia. Tulichoma punje kumi, tukapima, tukaandika. Kisha akafunga daftari lake, akasema kwa sauti kavu, "Sheria ya maabara ni kwamba mabaki ya jaribio lazima yaharibiwe yote kabla ya mtu kutoka. Haribuni." Akatoka nje, akasimama akitugeuzia mgongo. Jaribio hilo tulilirudia kila Jumanne hadi mvua iliponyesha. Hakuna darasa katika nchi hii lililokuwa na uhakika wa nishati ya njugu kama letu.

Mtu huyu wa vipimo alikuwa na kitu kimoja ambacho hakukipima. Alifuga mbuzi nyuma ya nyumba ya walimu, na hakuwahesabu. Nilimwuliza siku moja, darasa zima likisikia.

"Mwalimu, una mbuzi wangapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza rangi ya nguo zake za ndani. "Mbuzi hazihesabiwi."

"Kwa nini?"

"Zinapungua."

"Ushahidi?"

Aliweka chaki chini. "Ushahidi sina," akasema. "Na mama yako ana watoto wangapi, dalali?"

Nikakaa. Kwetu watoto na mifugo hawahesabiwi kwa kidole. Mama yangu mwenyewe ukimwuliza hujibu, "Wapo." Mwalimu aliweza kukueleza uzito wa hewa, lakini jioni alisimama kwenye mlango wa boma, akawatazama mbuzi wakiingia, mara moja tu, na akajua nani hayupo. "Yule wa doa la shingoni amebaki," angesema, na angekuwa sahihi. Hakuhitaji namba. Alikuwa na macho.

Sasa nifike kwenye macho.

Tulipofika kidato cha nne, maandishi yake ubaoni yalianza kunenepa. Maneno yaliyokuwa yakitosha mstari yakala ubao mzima. Tuliiga hilo pia. Katika majaribio alianza kusogea karibu na chupa, akaweka karatasi nyeupe chini yake, akawasha tochi mchana, kisha akauliza yeyote aliye karibu, "Imegeuka?" Tulidhani anatupima. Ukisema ndiyo, alisema "Vizuri" na kuandika. Mtu aliyetufundisha kwamba unaandika ulichokiona, wala si ulichoambiwa, alikuwa akiandika alichoambiwa, nasi hatukuona. Yaani darasa zima lenye macho mazima halikuona.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Mwikali. Alitaka unesi. Hakutaka kitu kingine, na alilisema jambo hilo bila madoido, kama mtu anayekwambia anakwenda kuchota maji. Chuo alichokitaka kilidai alama fulani ya kemia, naye alikuwa ameipiga hesabu akaona inafikika, lakini bila nafasi ya kuteleza.

Mtihani wa taifa wa vitendo una jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Siku hiyo mwalimu naye hufanya jaribio lile lile, peke yake, na jibu lake hutumwa pamoja na karatasi za wanafunzi. Ukikaribiana na jibu la mwalimu unapata alama. Ukiwa mbali, unakosa. Jibu la mwalimu ndilo mizani.

Swali la kwanza lilikuwa la asidi na besi. Unadondosha besi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye namba, iingie kwenye chupa ya asidi, tone kwa tone, mpaka rangi ya waridi ya kwanza itokee na ikatae kuondoka. Rangi yenyewe ni hafifu, kama ukucha wa mtoto. Hapo unafunga, unasoma namba. Nilifunga, nikasoma, nikasoma tena: ishirini na mbili nukta nne. Nikaandika kwa wino.

Mwalimu alikuwa kwenye stoo ya maabara, ambayo mlango wake haukuwahi kufungika vizuri. Alikuwa akifanya jaribio lake. Naamini hakujua anasema kwa sauti. Tulimsikia.

"Ishirini na tano nukta moja," akasema. Akanyamaza. "Ishirini na tano nukta moja."

Habari ilitembea benchi hadi benchi bila mtu kufungua mdomo. Niliona kalamu zikiinama. Mimi sikumfikiria Mwalimu hata kidogo. Nilifikiri kwamba mimi ndiye niliyekosea, na kwamba hata kama sikukosea, bei ya soko siku hiyo ni ishirini na tano. Nikapitisha mstari mmoja juu ya namba yangu, mwembamba, kama nilivyofundishwa, nikaandika yake.

Mwikali alisikia. Alinitazama mkono. Kisha akarudi kwenye chupa yake, akaanza jaribio la pili.

Tulipotoka nilimfuata. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ukaacha vile ilikuwa?"

"Macho ni yangu, dalali," akasema.

Matokeo yalipokuja, mimi nilipata alama nzuri ya kemia, ambayo mpaka leo sijaitumia kwa chochote. Mwikali alikosa ile aliyohitaji, kwa hatua moja. Sijui kama ni zile alama mbili tatu za swali la kwanza zilizomwangusha. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, na mara nyingi zaidi ya mbili, na haitoi jibu. Ana duka la dawa za mifugo Zombe. Hupima dawa ya kupe kwa uangalifu ambao ng'ombe wa watu hawajui kuushukuru.

Mwalimu alistaafu mapema, akarudi kwao, upande wa Kibwezi, ng'ambo ya mashamba ya kumwagiliwa maji. Miaka ikapita. Mwaka huu mke wake alinipigia simu. Alisema mzee anataka kuuza mbuzi, wote, na amesema aitwe dalali.

Nilifika kabla ya jua kuzama. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma, mahali pake, na mbuzi walikuwa wakiingia. Nikamsikia kabla hajanisikia. Alikuwa ameshusha mkono, na kila mbuzi aliyepita alimgusa mgongo.

"Imwe," akasema kwa Kikamba. "Ili. Itatu. Inya."

Alikuwa akihesabu.

Nilisimama pale nje kama mtu aliyekuta msiba bila kuambiwa. Mke wake aliniona, akatikisa kichwa polepole, akaenda kukoroga muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe.

Tuliketi. Aliuliza habari za Mwingi, akitazama mahali karibu na sikio langu.

"Ni presha ya macho," akasema. "Ilianza pembeni, ikala ikielekea katikati. Daktari anasema nuru iliyoenda hairudi."

Nikasema la kijinga. "Mwalimu, si ulituambia hakuna kitu inaisha?"

"Nilisema," akajibu. "Hii nimeifuata, mwanangu. Nimeifuata mpaka nimechoka."

Alimwita mke wake alete daftari. Lilikuwa daftari lake la maabara, jalada limekatika na kushonwa. Aliniwekea magotini.

"Tafuta mwaka wenu. Mtihani wa taifa, swali la kwanza. Nisomee."

Nilitafuta. "Ishirini na tano nukta moja."

"Hiyo ni yangu. Wewe ulipata ngapi?"

Mimi ninaishi kwa kusema uongo mdogo mdogo. Mbuzi mzee namwita mkomavu. Nilimtazama yule mzee, nikaona uongo huu ndio wa kwanza katika maisha yangu usio na faida kwangu.

"Ishirini na tano nukta moja," nikasema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hilo. "Nimeuliza saba wa darasa lenu. Wengine kwa simu, wengine wakipita. Wote wananiambia ishirini na tano nukta moja. Hakuna nukta mbili. Hakuna nukta sifuri. Watu saba, bureti saba, na hakuna tone moja la tofauti. Macho ya kweli hayafanani hivyo. Ninyi mlisoma mdomo wangu."

Muthokoi ulikuwa ukitokota. Mke wake alikuwa ameacha kukoroga.

"Dalali," akasema, "soma mara ya pili."

Niliondoa macho kwenye daftari. "Ishirini na mbili nukta nne."

Alihesabu kichwani. Niliona midomo ikienda. "Mbili nukta saba," akasema. "Nilipita kwa mbili nukta saba. Chupa yangu lazima ilikuwa nyekundu kama damu, na mimi bado nasubiri." Kisha akauliza, "Kuna aliyeandika ya kweli?"

"Mwikali."

"Yule nilimwogopa. Sikumwuliza." Alipapasa goti lake. "Alitaka kuwa nini?"

"Nesi, Mwalimu."

"Akawa?"

"Hapana."

Sikulipamba jibu, naye hakuniomba nilipambe. Nikisema alilia nitakuwa nimeongeza. Macho yalikuwa na maji, lakini macho yale hutoa maji siku zote, mke wake aliniambia.

"Mpigie," akasema.

Nilimpigia, nikaweka sauti nje. Ilikuwa saa ya kufunga duka. Tulisikia mtu akiuliza dawa ya minyoo.

"Mwikali, niko na Mwalimu wa Kemia. Anataka kukusalimia."

Mwalimu aliinama kuelekea kwenye simu, akakosea upande kidogo. Nikaisogeza.

"Mwikali," akasema. "Mwaka wenu, swali la kwanza. Jibu langu halikuwa sahihi. Sikuwa naona. Narudia. Sikuwa naona, na sikusema."

Yule mteja aliuliza tena, na tukamsikia Mwikali akimwambia, "Ngoja. Naongea na mwalimu wangu."

"Wewe ulipata ngapi?" Mwalimu akauliza.

Hakufikiri. Baada ya miaka yote ile, hakufikiri. "Ya kwanza ishirini na mbili nukta nne. Ya pili ishirini na mbili nukta tano. Nilifanya mara mbili, Mwalimu."

Mwalimu alifumba macho. "Nukta nne na nukta tano," akasema taratibu, kama mtu anayeonja. "Hiyo ni kazi ya mtu aliyeona. Asante, nesi."

Sijui kama aliteleza au alikusudia. Upande wa pili sauti ndogo ikasema, "Lala salama, Mwalimu," na simu ikakatika.

Aliniambia nichukue kalamu. Nilipitisha mstari mmoja juu ya ishirini na tano nukta moja, mwembamba, ili isomeke. Juu yake nikaandika za Mwikali, zote mbili. Aliniambia nimsomee, nikasoma. Nikasoma tena.

Palikuwa na nafasi chini yake. "Na yangu niandike wapi?" nikauliza.

"Yako uliiandika siku ile," akasema. "Kwa wino."

Habari ya bei hatukuifikia. Aliinuka, akashika fito za boma, akaenda nazo mkono kwa mkono mpaka mlangoni. Mbuzi walikuwa wamelala. Akainama, akamgusa wa kwanza, akaanza upya, maana alikuwa amewahesabu mara moja tu.

"Imwe," akasema. "Ili."